Uzoefu wa Kuazima



Swali tulilonalo safari hii limetoka mbali, ingawa mwenye kuliuliza ni wa kwetu. Ni kijana mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, aliyehamia Marekani. Huko amesomea udereva wa malori makubwa hata akapata leseni, na ada ya kusomea aliikopa. Mkewe na watoto wawili wako nyumbani wakingoja. Amesikia kwamba katika machimbo ya mafuta ya jimbo la North Dakota dereva hulipwa vizuri kuliko wenziwe wanaopeleka bidhaa madukani, basi amekuwa akibisha hodi huko siku nyingi. Kila mlango humjibu kwa swali lile lile: Una uzoefu wa miaka mingapi? Naye hana hata mwaka. Alipokuwa Mombasa aliendesha lori dogo la mchanga na mawe kwa miaka mitatu, lakini gari lile na hayo ya huko ni kama ngalawa na jahazi.

Sasa yuko mwenzake, mtu wa nyumbani vile vile, mwenye lori lake mwenyewe. Huyo amemwambia: Andika kuwa umefanya kazi kwangu miaka miwili, wakinipigia simu nitaitikia kuwa ndiyo. Kijana atuuliza: Je, hili ni kosa, ilhali simwibii mtu, kazi nitaifanya kwa jasho langu, na kuendesha najua?

Twampa heko kwa kuuliza kabla ya kutia sahihi. Wengi huuliza baadaye, na wakati huo hawaulizi hukumu, hutafuta kupozwa moyo tu.

Walimu wetu walitufundisha kuwa huwezi kulihukumu jambo usilolijua sura yake. Lau swali lingekuwa la mpiga pasi aliyejiongezea miaka, tungejibu kwa maneno machache na kuendelea na mengine. Lakini hili ni la mafuta, na la lori, na la baridi ya kaskazini. Natutazame kwanza kazi yenyewe ni kazi gani.

Mafuta ya North Dakota yalipatikana mara ya kwanza mwaka 1951, karibu na mji mdogo uitwao Tioga. Kwa miaka mingi hayakuwa na kishindo, kwani mengi yamebanwa ndani ya mwamba mgumu, kiasi cha kilomita tatu chini ya ardhi. Ndipo katika miaka ya 2000 wakajua namna ya kuchimba kwenda chini kisha kupinda na kwenda kwa ubavu kilomita nyingine tatu, wakasukuma maji na mchanga kwa nguvu nyingi mpaka mwamba ukapasuka na mafuta yakatoka. Kisima kimoja hutaka galoni za maji kwa mamilioni. Mchanga nao lazima uletwe, na mabomba, na mitambo. Mafuta yakianza kutoka hutoka pamoja na maji ya chumvi kali yasiyofaa kwa mtu wala kwa mmea, nayo lazima yapelekwe mahali maalumu pa kuyafukia. Palipolazwa mabomba ya kusafirishia, kazi hiyo hufanywa na bomba. Pasipo bomba hufanywa na lori. Kwa hiyo kila kisima kipya ni msafara wa malori, na ndiyo sababu mji wa Williston uliokuwa na watu wapatao 14,700 mwaka 2010 ulihesabiwa kuwa na zaidi ya 29,000 mwaka 2020. Watu walitoka kila pembe. Wengine walilala ndani ya magari yao katika baridi inayogandisha hata mafuta ya dizeli.

Lori lenyewe, likiwa limejaa, sheria ya barabara kuu za taifa huliruhusu uzito wa paundi 80,000, yaani zaidi ya tani 36. Tangi lake la mafuta ghafi huchukua yapata mapipa 200. Wenye kujua hueleza kwamba tangi lililojaa lina utulivu wake, na lililo tupu lina wepesi wake, lakini lililojaa nusu ndilo lenye hila: dereva akishika breki, mzigo ulio majimaji huja mbele na kumsukuma, na akipinda kona, mzigo huegemea upande anaouogopa. Hili hujifunzi katika lori la mchanga. Mchanga hutulia pale ulipoumwaga.

Hayo ni ya barabarani. Wataalamu wa usalama wa kazi wa nchi hiyo walikwisha kubainisha kwamba ajali za magari ndizo zinazoua wafanyakazi wa mafuta kuliko sababu nyingine yoyote, lakini kisimani kwenyewe mna jambo ambalo mgeni halifikirii kabisa. Dereva hafiki akajaziwa mzigo kama afanyavyo bandarini huku amekaa kitini. Mara nyingi yeye mwenyewe hupanda ngazi ya tangi, hufungua mfuniko, huteremsha kipimo, hutazama mafuta yamefika wapi na yana joto gani, kisha huandika. Mfuniko ule ukifunguliwa, mvuke hutoka. Kati ya mwaka 2010 na 2014 wataalamu hao waliwahesabu watu 9 waliokufa juu ya matangi ya namna hiyo wakipima au kuchukua sampuli, na miongoni mwao walikuwamo madereva. Tena iko gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Ikiwa kidogo waisikia na kukimbia. Ikizidi, huua kwanza uwezo wa kunusa, hata mtu akadhani imekwisha kumbe ndiyo imemzunguka. Mkongwe ajua kusimama upande upepo utokako, na ajua kwamba mwenziwe akianguka juu ya tangi hamrukii kumwokoa bila ya kifaa cha kupumulia, kwani wawili watakufa badala ya mmoja. Aliyeandika kwamba ana miaka miwili, nani atamfundisha haya? Nani atamwambia asimame wapi, na karatasi yake imekwisha sema kwamba ajua?

Hapa ndipo penye kiini cha jibu letu, ndugu msomaji. Yule kijana asema, simwibii mtu. Ni kweli kwamba hatii mkono katika mfuko wa mtu. Lakini mgeni katika kazi ya hatari ana haki moja kubwa kuliko mshahara, nayo ni haki ya kufundishwa, kuangaliwa na kuvumiliwa, kuambiwa "ngoja, si hivyo." Anayejivika uzoefu wa kuazima huitupa haki hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Watampa lori usiku wa kwanza na kumwonyesha njia kwenye ramani, kisha watakwenda zao, nao hawatakuwa na lawama. Amejiibia. Na baada ya kujiibia, awaibia wengine usalama wao: mama anayekuja upande wa pili wa barabara yenye barafu na watoto nyuma, ambaye hakuulizwa kama yuko radhi dereva huyu ajifunzie juu yake.

Wapo wenye kupunguza jambo hili kwa kusema kuwa ni karatasi tu. Natuizungumze basi hiyo karatasi.

Ombi la kazi ya udereva nchini Marekani si barua ya kirafiki. Sheria yataka dereva wa malori makubwa aandike waajiri wake wa miaka kumi iliyopita, na mwajiri mpya yampasa kuwauliza waajiri wa miaka mitatu ya nyuma juu ya mwendo wake. Chini ya ombi mna maneno ambayo mwombaji hutia sahihi, kwamba yote aliyoyaandika ni kweli na yametimia. Sahihi hiyo kwetu sisi ni ushahidi, na kushuhudia uwongo si katika madhambi madogo. Na yule rafiki atakayeitikia simu ni shahidi wa pili. Yeye adhani amefadhili. Kumbe amemchukua ndugu yake mkono na kumtia katika jambo ambalo yeye mwenyewe, akiwa mkongwe wa barabara, ajua hatari yake vizuri kuliko huyo anayemtia.

Kisha tazameni namna kazi yote ya mafuta ilivyosimama juu ya maneno ya watu wasioonana. Dereva aandika kuwa tangi lilikuwa na kiasi kadhaa, na mwenye kisima hulipwa kwa neno lile. Aandika saa zake za kuendesha, na sheria yamruhusu saa 11 tu za usukani baada ya mapumziko ya saa 10. Ingawa tangu mwisho wa 2017 madereva wengi huandikiwa na kifaa cha elektroniki, bado mtu ndiye anayekiambia kifaa kuwa sasa yuko kazini au amepumzika. Tena kwa watu wa visimani sheria ina ruhusa zake maalumu, na penye ruhusa hapakosi mwenye kuivuta ipite mpaka wake. Aandika kuwa maji ya chumvi ameyamwaga mahali palipoamriwa. Nani amwona usiku, katika nchi tambarare isiyo na taa? Mwaka 2014 katika kijiji cha Noonan, jimboni humo humo, magunia ya vichujio vya maji ya visimani, yenye mnururisho, yalikutwa yametupwa katika kituo cha petroli kilichohamwa. Mtu aliyapakia. Mtu aliendesha gari.

Na mwezi wa Julai mwaka 2013 garimoshi lililobeba mafuta ya North Dakota lilikimbia peke yake mteremkoni usiku, likaanguka na kuwaka moto katikati ya mji wa Lac-Mégantic, Kanada. Watu 47 walikufa. Mafuta yale yalikuwa yamekusanywa visimani kwa malori na kupakiwa katika mabehewa. Wachunguzi wa Kanada walieleza sababu nyingi, na ile ya garimoshi kukimbia ilikuwa ni breki za mkono zisizofungwa za kutosha. Hatusemi kwamba karatasi iliwaua watu wale. Lakini wachunguzi hao waliona pia kwamba karatasi za mzigo ziliyataja mafuta kuwa na hatari ndogo kuliko iliyokuwa nayo kweli. Kila aliyepokea karatasi aliiamini kwa kuwa aliyemtangulia aliiamini.

Mwenye kuingia katika kazi kama hiyo kwa mlango wa uwongo, ni kwa nini atarajie kwamba akiwa ndani neno lake litakuwa jingine? Msimamizi akimwambia usiku wa saa nane, andika kuwa umelala, atamkatalia kwa uso gani? Huenda msimamizi huyo ajua siri yake. Aliyekubebea uwongo wako mmoja hukudai umbebee wake.

Twajua itasemwa: Sheikh, hii ni dharura. Watoto wanataka kula. Hatuidharau hoja hii, wala hatupendi wanavyuoni wanaoikejeli wakiwa wameshiba. Dharura ina mlango katika sheria yetu, na mlango huo ni mpana kuliko wadhanivyo watu wakali. Ila una vizingiti viwili. Kwanza, dharura hupimwa kwa kadiri yake. Aliyeruhusiwa mzoga kwa njaa ameruhusiwa tonge za kumfikisha kwenye chakula cha halali, hakuruhusiwa kuukausha na kuuweka akiba. Kijana huyu aweza leo hii kupata kazi ya lori mahali pengine kwa ujira mdogo zaidi, kama tutakavyoeleza. Kwa hiyo lililomfika si njaa, ni haraka. Pili, madhara hayaondolewi kwa kumtwisha mwingine madhara. Njaa yako haikupi ruhusa ya kuweka roho ya mpita njia rehani pasipo yeye kujua.

Liko pia lile la nusu ya kweli, na kijana amelidokeza katika barua yake. Asema: Nikiulizwa kama nimeendesha lori miaka mitatu, si ni kweli? Ni kweli. Lakini aliyeuliza akusudia nini, na wewe wajua akusudia nini? Ukijua kuwa yeye afahamu kitu na wewe wamwachia afahamu hivyo kwa manufaa yako, umemhadaa kwa maneno yasiyo na uwongo hata moja. Hii ni kama lile tangi lililojaa nusu: lakusukuma wakati unapotaka kusimama. Miaka yako mitatu ya Mombasa usiifiche, maana kuificha nako ni kujidhulumu. Iseme na sura yake: lori la tani saba, barabara za lami na za vumbi, sijaendesha juu ya theluji, sijabeba tangi. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliomba kazi mbele ya mfalme na akajisifu kwa alilo nalo, kuwa ni mwenye kuhifadhi na mwenye kujua. Hakuna ubaya kujisifu kwa alichokupa Mola wako. Ubaya ni kujisifu kwa ambacho hajakupa bado.

Sisi tuliolelewa vyuoni tulilijua jambo hili kabla ya kujua lori. Mwanafunzi husoma kitabu mbele ya mwalimu wake neno kwa neno, na siku akikimaliza vizuri mwalimu humpa ijaza, kwamba fulani amesoma kwangu nami nilisoma kwa fulani. Mtu anayejipa ijaza mwenyewe, au anayeandikiwa na rafiki, hata akiwa na akili za kuwashinda wenye ijaza, amekata mnyororo. Na watu wa mnyororo huo hawakuona haya kusema hawajui. Imepokewa kwamba Imamu Malik aliulizwa masuala mengi kwa mkupuo mmoja, na mengi katika hayo akajibu kuwa hajui, naye aliyeuliza alikuwa amesafiri mwendo mrefu kuja kumwuliza. Vivyo hivyo baharini kwetu. Hakuna nahodha aliyeanza na usukani. Alianza jikoni, akaosha sufuria, akateka maji ya ngalawani, akapanda mlingoti, na kila mmoja katika bandari alijua ameanza lini. Na katika njia ya Mombasa kwenda Kampala, madereva wangapi wa zamani hawakuanza kuwa utingo, wakilala chini ya gari na kubadilisha matairi usiku wa mvua?

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili, na hapa hatutasema kwa upole. Wenye makampuni hudai dereva wa miaka miwili, na mara nyingi sababu yao ni bima, kwani mwenye bima hutoza zaidi kwa dereva mpya au humkataa kabisa. Vyema. Lakini huyo wa miaka miwili alizaliwa nayo? Kuna mtu alimpa siku yake ya kwanza. Kampuni inayotaka kuvuna wakongwe kila mwaka bila ya kumlea mwanagenzi hata mmoja yala mbegu ya mwenziwe, kisha yalalamika kuwa watu wanaghushi. Anayefunga milango yote ya halali ana fungu lake katika wale wanaopita dirishani. Fungu hilo halimwondolei dosari aliyepita dirishani, ila na yeye mwenye mlango asikae akijiona safi.

Katika nchi ile ile ya North Dakota kuna habari ambayo pengine kijana wetu haijui, na ingemfaa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kabla mafuta hayajulikani, walifika huko Waislamu kutoka nchi za Sham, yaani Syria na Lebanon za leo, wakakaa karibu na kijiji cha Ross, kati ya Williston na Minot. Walikuwa wageni wasiojua lugha wala baridi. Serikali wakati huo iligawa ardhi kwa sheria ya mwaka 1862: ekari 160 kwa atakayekaa juu yake na kuilima miaka mitano, na tangu 1912 miaka mitatu. Muda ukitimia, mtu hakupewa hati kwa kusema tu kuwa amelima. Alileta mashahidi wawili majirani, waliomwona akijenga nyumba yake na kulima shamba lake. Mwaka 1929 watu wale walijenga msikiti hapo Ross, mmoja katika ile ya mwanzo kabisa kujengwa Marekani. Jengo lile lilibomolewa katika miaka ya 1970, na mwaka 2005 ukajengwa mwingine mdogo penye makaburi yao. Leo Ross imo ndani ya wilaya ya Mountrail, mojawapo ya zile zinazotoa mafuta mengi zaidi jimboni. Malori ya visimani yapita si mbali na makaburi yale. Nafikiri juu ya mashahidi wale wawili. Hawakuwa na haja ya kuambiwa waseme nini simu ikilia.

Nabii Musa naye alifika Madyan akiwa mgeni asiye na kitu, wala hapakuwa na mtu wa kumshuhudia. Hakuanza kwa kuomba kazi. Aliwakuta wanawake wawili wamezuiwa maji na wachungaji, akawanyweshea wanyama wao, kisha akarudi kivulini na kumwomba Mola wake. Aliyekuja kumtetea ili aajiriwe ni mmoja katika wale waliomwona akifanya kazi, na sifa alizomtajia baba yake zilikuwa mbili, nguvu na uaminifu. Na mapatano yake yakawa ya miaka minane, au kumi akipenda. Nguvu maana yake katika lori ni kujua kazi. Basi mgeni, sifa moja bado hana, na hilo si aibu. Ya pili anayo leo, nayo haihitaji miaka miwili. Iweje auze ile aliyo nayo ili aonekane ana ile asiyo nayo?

Sasa afanye nini? Tumeuliza wanaojua, na hatukukuta kwamba milango yote imefungwa.

Yako makampuni makubwa ya masafa marefu ambayo huchukua wanagenzi wenye leseni mpya, huwapakia pamoja na mwalimu kwa wiki kadhaa, kisha huwaachia gari. Ujira ni mdogo na nyumbani huonekani. Lakini mwaka mmoja humo bila ya ajali wala faini ni ushahidi ambao hakuna atakayeweza kuupinga, na baada yake milango mingi ya visimani hufunguka. Katika mwaka huo na atimize vibali viwili vinavyoongezwa juu ya leseni, cha matangi na cha mizigo ya hatari. Hicho cha pili huhitaji mtihani na kuchukuliwa alama za vidole ili achunguzwe, kwa hiyo asingoje mpaka siku ya mwisho. Na Kiingereza asikipuuze, kwani mwaka 2025 serikali iliamuru tena kuwa dereva asiyeweza kukizungumza na kukisoma kiasi cha kazi aondolewe barabarani akikaguliwa. (Kwa faida ya wanaojali, katika safari hizo za bidhaa huenda akapewa shehena ya pombe. Madereva wawili Waislamu walifukuzwa kazi huko mwaka 2009 kwa kukataa mzigo huo, na mwaka 2015 baraza la mahakama katika jimbo la Illinois liliamuru walipwe dola 240,000. Basi na aliseme mapema, wala asingoje mpaka mzigo uko nyuma yake.)

Asipotaka kuzunguka huko, hata visimani penyewe pana kazi za mlango wa chini. Wapo wanaochukuliwa kuwa wasaidizi katika malori yanayohamisha mitambo ya kuchimbia, na hao ni kama utingo wetu hasa: hufunga minyororo, huongoza gari kurudi nyuma, na huona kila kitu. Wako wanaoosha matangi. Wako wanaobeba maji matamu ya kupasulia mwamba, mzigo usiowaka wala usio na sumu, na huko mara nyingine mwanagenzi hupokewa kabla ya kupokewa penye mafuta ghafi. Na majira ya baridi kali, wakongwe wengi wanapokwenda kujipumzisha kwao, mwenye kampuni ndogo husikiliza mtu ambaye mwezi wa Julai asingemsikiliza. Aende mwenyewe, aonekane, aseme: sijui matangi, nifundisheni. Wako watakaomcheka.

Ajue pia kwamba hata akiingia, asijenge ghorofa kwa mshahara wa mwezi wa kwanza. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta lilipita dola 100, na Januari 2015 likawa chini ya 50. Mitambo ya kuchimba jimboni humo, iliyokuwa karibu 190 mwaka 2014, ilishuka chini ya 30 mwaka 2016, na wengi waliokuja na magari mapya ya mkopo waliondoka bila magari. Aprili 2020 bei ilishuka hata chini ya sifuri kwa siku moja. Siku kama hizo mwajiri hutafuta wa kumwondoa, na wa kwanza ni yule ambaye faili lake lina ila.

Limebaki la yule rafiki mwenye lori. Twaamini nia yake ilikuwa njema, na nia njema haifai kupotea. Kama kweli ataka kumsaidia mwananchi mwenziwe, anacho kitu chenye thamani kuliko simu ya uwongo, nacho ni kiti cha pili cha lori lake. Amwandikishe kazini kwa haki, aulize bima yake kwanza na kulipa kitakachozidi kama aweza, ampeleke naye safari za miezi mitatu, ampe usukani mahali pa wazi kabla ya kumpa penye msongamano, amfundishe kufunga minyororo ya matairi juu ya barafu. Mwisho amwandikie barua isemayo miezi mitatu, na aeleze ndani yake kijana ameona nini na bado hajaona nini. Na nambari ya simu iliyo chini ya barua hiyo iwe yake.